Kaseti feki ya Luthuli nayo ni historia

Nikisema ninakusanya geimu za zamani, mtu wa Nairobi huniuliza kwanza nitaziuza pesa ngapi. Nikimjibu kwamba siuzi, ndipo maneno haya huanza.

"Si kila kitu kiko kwenye intaneti?"

Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilichunguza geimu zilizotolewa Marekani kabla ya 2010, likakuta asilimia 87 haziuzwi tena zikiwa mpya. Wala si za kale tu zinazopotea. FIFA 23, geimu ya kandanda iliyowakesha vijana kwenye vibanda vya PlayStation, iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni Septemba 2023, haijatimiza hata mwaka, maana mkataba wa EA, kampuni inayoitengeneza, na shirikisho la FIFA ulikuwa umekwisha. Mwenye diski yake aitunze.

"Hiyo ni feki, haina historia."

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Famicom, mashine ya geimu ya Nintendo, ilitoka Japani mwaka 1983, lakini wengi wetu tuliokulia mitaa ya Eastlands hapa Nairobi hatukuwahi kuiona kwa macho. Tulichojua ni nakala zake za bei nafuu, zisizo na jina la Nintendo popote, pamoja na kaseti zilizojigamba kuwa na geimu 9,999,999. Ukizihesabu unapata chache tu zinazojirudia: hii inaanzia hatua ya tatu, ile imebadilishwa rangi, nyingine ni ileile yenye jina jipya. Ulaghai mtupu, na tuliupenda.

Sasa mtafiti akitaka kujua mtoto wa Umoja au Kayole alicheza nini siku hizo, orodha rasmi za Nintendo zitamsaidia nini? Jibu limo ndani ya ile kaseti, kwenye menyu yake yenye tahajia mbovu, na kwenye stika ya bei ya duka la Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya elektroniki katikati ya Nairobi, iliyogandia mgongoni. Ndiyo maana stika sizibandui, hata ziwe chafu namna gani. Ninaandika pia nilikoipata kaseti, mwenyewe alikuwa akiicheza mtaa gani, na vibandani walilipisha ngapi kwa mechi. Hayo hayapo kwenye chipu.

"Ikikataa, ipulize."

Sote tulipuliza, na ikawaka. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuirudisha, pini zikagusana vizuri zaidi. Pumzi huacha unyevu, na unyevu huleta kutu. Tumia kijiti cha pamba na spiriti safi, kisha ngoja ikauke.

"Ukishaiweka kabatini, imehifadhiwa."

Kaseti nyingi zinazotunza hatua ulizofikia zina betri ndogo ndani, na betri ikifa, hatua hizo huenda nayo. Diski zilizochomwa kwenye kompyuta, ambazo ndizo tulizouziwa zaidi enzi za PlayStation ya kwanza na ya pili, huharibika mapema kuliko za kiwandani, hasa zikikaa kwenye joto na jua. Kwa hiyo nakili kwanza yaliyomo, kabati baadaye.

"Sisi tulicheza tu, hatukutengeneza."

Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2009 akaanzisha kampuni ya geimu ya Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Kisha ikaja Ma3Racer ya Planet Rackus, geimu ya kuendesha matatu iliyochezwa kwenye simu za Nokia. Geimu za simu kama hiyo hazikuwa na boksi wala kaseti ya kuweka rafuni. Zilikaa ndani ya simu, na simu kuukuu hapa mjini huishia kufunguliwa ili kutoa spea.

Bado natafuta Nokia yenye Ma3Racer ndani. Juzi nilidhani nimeipata kwa fundi mmoja. Alikuwa ameshafuta kila kitu, ati aniuzie ikiwa safi.