Kuachiliwa Bila Kushtakiwa Si Kusafishwa Jina

Wiki hii nimeambiwa tena kuhusu mshukiwa wa ugaidi, na mtu aliyesoma: "Kama hana hatia, korti itamwachilia. Wasiwasi wa nini?"

Korti inaweza kumwachilia bila kuwahi kuulizwa kama ana hatia.

Watu wameshikilia saa 24 za Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya, muda wa polisi kumfikisha kortini waliyemkamata, wanaishia hapo. Someni mbele kidogo. Polisi wakikufikisha kortini hawalazimiki kukushtaki. Wanaweza kueleza kwa nini uendelee kuzuiliwa. Hapo ndipo kinapoingia kifungu cha 33 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012: korti yaweza kuruhusu uzuiliwe siku 30, zikiongezwa jumla isizidi 90. Hati ya mashtaka hakuna, shahidi wa kuhojiwa hakuna. Kuna hati ya kiapo ya mpelelezi: simu inachunguzwa, mshukiwa huenda akatoroka. Mimi wakili wake nabishania nini? Siku tu. Wanaomba 30, napigania 10, na nikizipata jamaa zake wananishukuru kana kwamba tumeshinda.

Siku zikiisha anaambiwa aende. Hakushinda kesi, maana haikuwapo. Hana uamuzi wa kumwonyesha mwajiri wala mwenye nyumba. Na mzigo huu haugawanywi sawa: msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, Aprili 2014, uliwazoa maelfu, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, wengine wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani.

Mkiona hayo ni ya wanyonge, tazameni MUHURI na Haki Afrika, mashirika ya haki za binadamu ya Mombasa. Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, mashirika hayo yalitiwa kwenye orodha ya ugaidi na akaunti zao za benki zikafungwa. Juni, Mahakama Kuu Mombasa ikaona hayana uhusiano na ugaidi. Akaunti hazikuamriwa kufunguliwa hadi Novemba. Hao walikuwa na mawakili.

Sisemi polisi wabanwe na saa 24 kwa kila jambo. Rekodi za simu na ushahidi wa ng'ambo ya mpaka huchukua muda, na waliouawa Garissa walistahili kulindwa. Siku ngapi zinatosha? Sijui, na upande wa mashtaka haujanipa jibu la kuniridhisha.

Ninachodai ni barua. Siku zikiisha bila mashtaka, polisi waandike kwamba wamechunguza na hawakupata kitu, wampe mkononi. Kifungu cha 33 hakiwalazimishi.