Lishe mbichi kwa mbwa wadogo: maana yake na vipimo vyake

Lishe mbichi ni mpango wa kumlisha mbwa nyama, mifupa laini na viungo vya ndani vya mnyama bila kuvipika, kwa uwiano uliopimwa, mlo huo ukiwa ndio chakula chake kikuu. Uwiano ndio unaoitofautisha na mazoea ya kumtupia mbwa masazo ya buchani. Mbwa anayekula steki mbichi peke yake kwa miezi kadhaa hushiba vizuri huku mifupa yake ikidhoofika.

Mtindo huu ulienezwa na daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, kuanzia mwaka 1993. Mfumo wake unajulikana kwa kifupi BARF (Biologically Appropriate Raw Food, yaani chakula kibichi kinacholingana na maumbile), na una mboga na matunda kidogo. Baadaye wengine waliondoa mimea kabisa, wakashika hesabu ya 80, 10, 10: asilimia 80 nyama, asilimia 10 mfupa unaolika, asilimia 10 viungo vya ndani, nusu yake ikiwa maini. Hoja ya pande zote mbili ni kwamba mbwa ni mbwa mwitu (wolf) aliyefugwa. Hoja hiyo ni kweli nusu. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kuyeyusha wanga kuliko mbwa mwitu, kwa hiyo dona na dagaa wanaowalea mbwa wengi wa Afrika Mashariki si sumu kwao. Anayechagua lishe mbichi asiichague kwa kuogopa ugali.

Kwa nini mbwa mdogo ana hesabu yake

Mwili mdogo hupoteza joto upesi na hutumia nishati nyingi kwa kila kilo. Madaktari wa mifugo huchukua uzito kwa kilo, wakaupandisha kwa kipeo cha 0.75, wakazidisha kwa 70. Hizo ndizo kalori za mwili uliotulia kwa siku. Mbwa mzima wa ndani aliyehasiwa huhitaji mara 1.4 hadi 1.6 ya hapo. Mbwa wa kilo 30 huangukia kwenye kalori 42 hadi 48 kwa kila kilo, na wa kilo 4 kwenye 70 hadi 80.

Hapo ndipo ushauri maarufu wa kumlisha mbwa kila siku "asilimia 2 hadi 3 ya uzito" wake unapowaangusha wenye mbwa wadogo wa aina ya Chihuahua, Maltese na Yorkshire Terrier. Asilimia 3 ya kilo 4 ni gramu 120. Mchanganyiko wa kuku na ng'ombe usio na mafuta mengi una kalori 150 hadi 180 katika gramu 100, kwa hiyo mbwa anapata kama 200 ilhali anahitaji karibu 280 hadi 315. Baada ya wiki chache mbavu zinahesabika. Anza na asilimia 4, yaani gramu 160, kisha rekebisha kwa kufuata mizani.

Gramu hizo 160 zinagawanyika hivi: nyama 128, mfupa 16, maini 8, na kiungo kingine kama figo au bandama 8. Moyo na firigisi vinahesabiwa kuwa nyama, jambo linalowachanganya wengi wakidhani wameshatoa viungo vya ndani. Mfupa haununuliwi peke yake. Shingo ya kuku ina mfupa zaidi kidogo ya theluthi ya uzito wake, kwa hiyo shingo moja ya gramu 45 inaleta karibu mfupa wote wa siku pamoja na gramu 29 za nyama. Ongeza gramu 100 za nyama isiyo na mfupa, maini na figo, umemaliza. Pima kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kijiko kimoja kikubwa cha maini ya ziada si kitu kwa mbwa wa kilo 30, lakini kwa huyu wa kilo 4 kinakaribia kuzidisha maini ya siku mara tatu. Leo ataharisha, na ukiendelea hivyo vitamini A itajilimbikiza mwilini mwake.

Mfupa na kalisi

Nyama tupu ina fosforasi karibu mara 20 ya kalisi (kalsiamu), wakati mbwa anahitaji kalisi iwe sawa na fosforasi au iizidi kidogo. Kalisi ikikosekana kwenye chakula, mwili huichota mifupani. Kwa mbwa mzima hali hii huenda polepole. Kwa mtoto wa mbwa huja kwa wiki chache: miguu inapinda, taya linalegea, na mfupa wa mguu wa mbele, ambao kwa mbwa wadogo ni mwembamba kama penseli, unavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Ndiyo maana mtoto wa mbwa hafai kuanzishiwa mlo mbichi wa kujitengenezea nyumbani pasipo mtaalamu wa lishe ya wanyama kuupanga.

Mfupa wenyewe nao una hatari zake. Uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, kwa hiyo usitolewe kabisa. Mguu wa ng'ombe ni mgumu kupita kiasi na huvunja jino kubwa la juu la kutafunia. Shingo ya kuku ni laini, ila mbwa mdogo mwenye pupa huimeza nzima ikakwama kwenye umio, mara nyingi usawa wa moyo au karibu na tumbo. Dalili ni kutokwa mate mengi, kunyoosha shingo, kumezameza, na kurudisha hata maji mara tu anapoyanywa. Usimsukumie tonge la ugali kama wanavyofanyiwa watu waliokwamwa na mwiba wa samaki. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Shingo ya ng'ombe ina kasoro nyingine: nyama ya kooni inaweza kuja na tezi la dundumio (thyroid), na homoni zake zikampa mbwa mapigo ya moyo ya haraka na kukonda.

Njia salama zaidi ni kusaga shingo za kuku kwa mashine ya nyama, au kuacha mfupa na kutumia unga wa ganda la yai. Chemsha ganda, likaushe, lisage liwe laini kama unga wa ngano. Gramu moja ina kalisi kama miligramu 380, inayotosha siku moja ya mbwa mzima wa kilo 4. Hiyo ni chini ya robo ya kijiko cha chai. Usichanganye shingo na ganda siku moja.

Choo kitakwambia mengi. Kikiwa cheupe, kikavu na kinapukutika, mfupa umezidi. Kikiwa cheusi na laini, punguza maini na bandama.

Hata hesabu ya 80, 10, 10 ikitimia, mlo bado una mapengo: manganizi, vitamini E, vitamini D, iodini, na mara nyingi zinki. Kipande kidogo cha sadini wa kopo waliohifadhiwa kwenye maji, mara mbili kwa wiki, huziba sehemu ya vitamini D na mafuta ya omega-3. Mengine yanahitaji unga wa virutubisho wa mbwa. Samaki wapikwe. Aina nyingi za samaki wa jamii ya kapi (carp), ambayo dagaa wa Ziwa Victoria ni ndugu zake, zikiwa mbichi zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Vijidudu na minyoo

Kugandisha hakuui salmonela wala listeria, kunazilaza tu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipima sampuli 196 za vyakula vibichi vya wanyama kati ya 2010 na 2012, ikakuta salmonela kwenye 15 na listeria kwenye 32. Mbwa anaweza asiugue kabisa huku akitoa bakteria hao kwenye choo na mate kwa siku kadhaa, na mbwa mdogo ndiye anayelala kitandani na kulamba nyuso. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, mzee, au mtu mwenye kinga dhaifu isiwe na lishe mbichi. Kuku mbichi anaweza kuwa na bakteria aitwaye kampilobakta pia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne uliochapishwa 2018 uliihusisha nyama ya kuku mbichi na ugonjwa wa neva unaoanza kwa miguu ya nyuma kuishiwa nguvu.

Kwa minyoo, kugandisha kunasaidia, na hapa Afrika Mashariki hili ndilo zito kuliko yote. Mapafu na maini ya mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia yanaweza kuwa na vifuko vya maji vya mnyoo mdogo aina ya tegu uitwao ekinokokasi. Mbwa akila kifuko, mnyoo hukomaa utumboni mwake, na mayai yanayotoka na choo humpa binadamu uvimbe wa haidatidi kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, iliwahi kuwa na viwango vya ugonjwa huu vya juu kuliko karibu popote duniani. Basi nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, kata viungo vembamba, ukavigandishe kwa nyuzi -18 au chini kwa siku 7 hadi 10. Kijisanduku cha barafu kilicho ndani ya friji ndogo hakifiki baridi hiyo, na umeme ukikatika usiku kucha, hesabu inaanza upya. Asiye na friza ya kweli apike viungo vyote. Dawa inayofaa ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo, kila wiki sita kwa mbwa anayekula viungo vibichi. Piperazini ya dukani haimgusi tegu.

Nyama iliyoganda iyeyuke ndani ya friji, si juu ya meza. Bakuli liondolewe baada ya dakika 20, lioshwe kwa maji moto na sabuni, mbali na vyombo vya watu.

Kuanza na kufuatilia

Badilisha chakula kwa siku 7 hadi 10, nyama ya aina moja kwanza, ukiongeza robo kila baada ya siku mbili au tatu. Ondoa mafuta yanayoonekana: Miniature Schnauzer na Yorkshire Terrier hupatwa upesi na uvimbe wa kongosho baada ya mlo wenye mafuta mengi, na mkia wa kondoo unatosha kuwalaza hospitali. Wapo wanaoshauri siku ya kufunga kila wiki. Mbwa wa kilo 2 asifungishwe, na mtoto wa mbwa mdogo asikose mlo hata mmoja, kwani sukari ya damu hushuka, akayumba, akatetemeka, hata kupoteza fahamu. Mgawie mbwa mzima milo miwili au mitatu kwa siku.

Mpime kila wiki, kwa mizani ileile na saa ileile. Gramu 200 zikipungua kwa mbwa wa kilo 4 ni asilimia 5 ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo tatu na nusu. Ongeza gramu 10 za nyama kwa siku, na wiki inayofuata isipopanda, nenda kwa daktari.