Barua ya askari isomwe pamoja na alichotuma nayo

Mi kazi yangu ni kuhifadhi barua na vitu vya vita, zaidi vya Vita Kuu ya Kwanza kule Ufaransa na Ubelgiji, na kitu kinachoniuma ni mtu kufungua barua ya babu yake Mwingereza ya 1916, akakuta "mi mzima, asante kwa soksi, mvua haikatiki huku", afu akaiweka pembeni eti haina kitu. Jamani, huyo kijana alikuwa na mengi sana ya kusema, ila barua ilisomwa kwanza na ofisa wa kikosi chake mwenyewe, yuleyule anayempa amri kila siku, akitaja mahali walipo inafutwa, basi nani atamwaga moyo wake hapo? Kulikuwa na bahasha ya kijani isiyokaguliwa kikosini, unasaini kwa heshima yako kwamba humo ni mambo ya nyumbani tu, lakini zilikuwa chache na wakaguzi wa kambini, nyuma ya uwanja wa vita, bado wangeweza kuifungua.

Siku za mapigano makali alituma kadi iliyochapwa sentensi tayari, mzima kabisa, nimelazwa hospitali, nimepata barua yako, anakata zisizomhusu anaweka tarehe na saini. Akiongeza neno lolote lingine kadi inaharibiwa. Mama aliyeipokea alitafuta saini tu, kwamba mkono wa mwanae bado unaandika.

Sasa ndo maana vitu vina uzito. Zile kadi za hariri zilizotariziwa maua na bendera na wanawake wa Ufaransa na Ubelgiji, nyingine zina kamfuko kadogo mbele kenye kikadi ndani, askari alizinunua kwa hela yake ndogo. Nyingi nyuma hazina stempu wala anwani na watu wanadhani hazikutumwa, kumbe zilitiwa ndani ya bahasha pamoja na barua zisichafuke, kwa hiyo ukizitenganisha umeshapoteza nusu ya habari.

Maganda ya makombora yaliyogeuzwa vyombo vya maua, na visu vya kufungulia barua vya shaba, hayo si lazima yalitengenezwa handakini. Mengi ni kazi ya mafundi wa jeshi nyuma ya mstari wa mapigano, wafungwa wa vita, au raia waliowauzia askari, na kisheria ganda lilikuwa mali ya serikali, lilitakiwa lirudishwe kiwandani. Na katika vitu vya adui ambavyo askari walipenda kupeleka nyumbani, kofia ya Mjerumani yenye mwiba juu ilitamaniwa sana.

Kama unavyo nyumbani, shaba usiisugue ing'ae, alama za nyundo zinafutika na mi nazihitaji kujua mkono uliozigonga. Andika kwa penseli kipi kilitoka bahasha ipi. Na ukikuta kombora au fyuzi, kile kichwa cha kulipulia kombora, ambayo bado nzima usiiguse wala usiibebe kuniletea, toka hapo uwapigie polisi, baruti ya vita ile bado inaua watu mpaka leo.