Mwanafunzi wa Fildi Ofisini Kwako: Yanayomhusu Mwajiri

Kuanzia Julai hadi Septemba wanafunzi wa vyuo vikuu husambaa maofisini, viwandani, kwenye maeneo ya ujenzi na vyumba vya habari kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wenyewe wanavyoiita. Waajiri wengi huwapokea kwa moyo mkunjufu, na hilo tunalishukuru. Lakini katika kipindi hicho, na zaidi miezi michache baadaye, ndipo malalamiko huanza kufika kwenye ofisi za kazi. Kuna kijana aliyeambiwa abaki "kidogo tu" baada ya fildi na sasa anadai mshahara wa mwaka mzima. Kuna binti aliyenyimwa posho ya nauli kwa sababu fedha za kaunta zimepungua. Na kuna mwajiri anayeshangaa kupokea wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kutoka kwa mtu ambaye, kwa maelezo yake, "alikuwa anajifunza tu."

Makala haya yanawalenga waajiri wa sekta binafsi nchini Tanzania, hasa wenye biashara ndogo na za kati zisizo na idara ya rasilimali watu.

Kwanza tutenganishe makundi. Mwanafunzi wa fildi bado amesajiliwa chuoni, amekuja na barua ya chuo, muda wake unajulikana (vyuo vingi hutumia takribani wiki 8), na alama anazopata zinaingia kwenye matokeo yake. Mtarajali amekwisha kuhitimu na anatafuta uzoefu; wa kundi lake wana miongozo ya kitaifa ya uanagenzi na utarajali iliyotolewa mwaka 2017. Halafu yupo mwanafunzi uliyemchukua wakati wa likizo akuuzie dukani au akupangie mafaili kwa malipo. Huyu wa mwisho ni mfanyakazi. Kwamba anasoma chuo kikuu hakubadilishi kitu, kama vile mhasibu wako anayesoma masomo ya jioni hapotezi mkataba wake kwa sababu ya kusoma.

"Hatumlipi, kwa hiyo si mfanyakazi wetu"

Hoja hii tunaisikia mara kwa mara, na inachosha. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, hakianzi kwa kuuliza kama mtu analipwa. Kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo na bila kujali sura ya mkataba, iwapo lipo walau jambo moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi iko chini ya maelekezo ya huyo mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na huyo mwingine, yeye ni sehemu ya taasisi, amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au hamfanyii kazi mtu mwingine yeyote.

Walau moja. Si yote saba. Mwanafunzi anayeripoti saa 2 asubuhi, anayeelekezwa na meneja wako na kutumia kompyuta yako, tayari ana zaidi ya moja.

Hapa waajiri wengine husoma nusu ya sheria na kukimbilia upande wa pili. Wanaamini miezi 3 ikitimia mwanafunzi anageuka mfanyakazi usiku wa manane, kwa hiyo wanamtoa siku ya 89 wakidhani wamesalimika. Sivyo. Dhana hiyo ya kisheria inaweza kupingwa, na kigezo cha saa na miezi ni kimoja tu kati ya saba. Kinachotokea ni kwamba mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako: wewe ndiye utakayeonyesha kuwa yale yalikuwa mafunzo. Ukiwa na barua ya chuo, makubaliano yaliyosainiwa, mpango wa mafunzo na kitabu cha kumbukumbu za kila siku, mzigo huo ni mwepesi. Ukiwa na maelezo ya mdomo tu, na picha za kijana akihudumia wateja amevaa fulana ya kampuni, itakuwa kazi kubwa.

Karatasi zinazotakiwa

Barua ya chuo ya kumwombea mwanafunzi nafasi haitoshi, ingawa wengi huiweka kwenye faili na kuona wamemaliza. Barua ile inaomba. Haikubaliani na lolote. Jibu kwa maandishi, kisha andaeni makubaliano ya ukurasa mmoja au miwili yatakayosainiwa na wewe, mwanafunzi na chuo. Yataje tarehe ya kuanza na ya kumaliza, idara atakayokuwapo, jina na cheo cha msimamizi wake, saa za kuwapo kazini, mambo anayotarajiwa kujifunza, kazi asizoruhusiwa kufanya, nani atagharamia matibabu akiumia, wajibu wake wa kutunza siri za ofisi, na namna ya kusitisha mafunzo kabla ya muda. Kama kuna posho, andikeni ni kiasi gani, inalipwa lini, na ni ya nini.

Posho kwa mwanafunzi wa fildi ni suala la makubaliano. Tunachoomba ni kwamba ukiahidi, utoe, na usipoweza, useme mapema ili mtoto wa watu asikodi chumba akitegemea ahadi yako. Na tafadhali, tuache kusema "si wana bumu," yaani fedha za mkopo. Ni kweli mafunzo kwa vitendo ni kimojawapo cha vipengele vinavyogharamiwa na mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, lakini si kila mwanafunzi ni mnufaika.

Kwa yule uliyemwajiri hasa, hata kwa wiki chache za likizo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakutaka umpe kwa maandishi taarifa za msingi za ajira yake: kazi, mahali, tarehe ya kuanza, saa, malipo na mengineyo yaliyoorodheshwa kifungu cha 15. Taarifa hizo utazitunza kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Shauri likifika mbele na ukashindwa kuzitoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wako. Kwa makubaliano ya fildi tunashauri utumie muda huohuo wa kutunza, maana madai huja wakati meneja aliyempokea mwanafunzi amekwisha kuhamia kampuni nyingine.

Msimamizi ndiye fildi yenyewe

Ziko kampuni zenye faili zuri na mafunzo mabovu. Sababu karibu kila mara ni moja: mwanafunzi amekabidhiwa kwa yeyote asiye na kazi nyingi siku hiyo. Msimamizi awe mtu anayefanya kazi ambayo mwanafunzi anaisomea, na apunguziwe majukumu yake mengine kwa wiki hizo. Usipompunguzia, atamwona mwanafunzi kama usumbufu, na mwanafunzi ataligundua hilo kabla ya Ijumaa ya kwanza.

Mpe kazi yenye mwanzo na mwisho. Mwanafunzi wa uhasibu alinganishe taarifa ya benki na daftari la fedha la mwezi uliokwisha kufungwa: majibu yapo, akikosea hakuna hasara, na msimamizi anaweza kumwonyesha ni wapi alipotea. Wa uhandisi apime kazi iliyokwisha kujengwa, akokotoe kiasi cha zege na nondo, halafu alinganishe na vipimo vya mhandisi. Wa kompyuta afanyie majaribio nakala ya mfumo, si mfumo ambao wateja wanautumia saa hiyo. Wa sheria aandike muhtasari wa jalada lililofungwa. Akishaiva kwenye haya, msogeze kwenye kazi hai, akiwa na mtu pembeni. Kutoa kopi na kupeleka barua nako ni sehemu ya maisha ya ofisi. Kufanya hivyo wiki zote 8 ni unyonyaji, na mhadhiri akija kukagua atauona kwenye kitabu cha kumbukumbu.

Kuhusu kitabu hicho: kisainiwe kila wiki. Tumeona vitabu vilivyosainiwa kurasa zote siku moja, kalamu moja, wino mmoja, maoni yaleyale "anafanya vizuri." Havimsaidii mwanafunzi, na kama kuna mgogoro havikusaidii wewe. Mhadhiri anapokuja, mpe nafasi ya kuzungumza na mwanafunzi wake faragha.

Usalama, saa na fedha

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Bado wapo wanaodhani vifaa kinga ni vya walio kwenye orodha ya mishahara. Mashine haina orodha hiyo. Mwanafunzi aelekezwe hatari za eneo kabla hajaingia, apewe kofia, viatu, miwani au kingine kinachohitajika bila kutozwa, na asiachwe peke yake na mashine. Yule uliyemwajiri kwa mshahara, malipo yake yahesabiwe pamoja na ya wenzake unapowasilisha michango kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Kwa wa fildi, suala la bima liamuliwe kwenye makubaliano kabla ya siku ya kwanza. Kuanza kuulizana mko hospitali ni kuchelewa.

Saa za kawaida za mfanyakazi hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Mwanafunzi hana sababu ya kuzidi hapo, wala ya kupangiwa zamu ya usiku, ambayo kisheria ni kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, isipokuwa fani yenyewe inadai.

Usimweke mwanafunzi wa fildi kwenye kaunta ya fedha peke yake kisha umdai upungufu. Hata mfanyakazi kamili hakatwi hivihivi. Kifungu cha 28 cha sheria ya ajira kinataka awe amekubali kwa maandishi, aelezwe hasara ilivyotokea, na apewe nafasi ya kupinga. Makato hayatazidi hasara halisi, na kwa ujumla hayatazidi robo ya malipo yake. Asiye na mshahara utamkata robo ya nini?

Rushwa ya ngono na taarifa binafsi

Msimamizi anayejaza fomu ya tathmini ana mamlaka juu ya mwanafunzi, awe meneja au karani. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, kinamhusu mtu mwenye mamlaka anayedai upendeleo wa kingono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Adhabu iliyowekwa na sheria hiyo mwaka 2007 ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Taarifa hutolewa TAKUKURU kwa simu ya bure 113. Utetezi wa "walikuwa wamekubaliana" ukiuleta kwetu tutakuelekeza huko huko. Mwajiri usisubiri shauri: mweleze kila mwanafunzi siku ya kwanza ni nani wa kumwona, na mtu huyo asiwe msimamizi wake mwenyewe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nakala za vitambulisho vya wanafunzi hazirushwi kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, na picha zao hazitumiki kwenye matangazo yako bila ridhaa yao. Mwanafunzi naye aelezwe kuwa taarifa za wateja anazoziona haziondoki na simu yake.

Fildi ikiisha

Jaza fomu ya tathmini na uitume chuoni kwa njia ambayo chuo kimeelekeza. Mpe barua inayotaja kazi alizofanya, si "alikuwa nasi" peke yake.

Kama unamhitaji aendelee, umwajiri na umpe mkataba. Kama unataka awe mtarajali baada ya kuhitimu, anzeni makubaliano mapya. Usimwache aelee kwa jina la kujitolea mwezi baada ya mwezi, akifanya kazi za mtu aliyeacha kazi. Hao ndio wanaofika CMA kwa wingi, na barua ya chuo iliyokwisha muda haimsaidii mwajiri.

Wanafunzi nao waelewe kwamba kumaliza fildi vizuri hakuleti haki ya kuajiriwa. Anayeamini kuwa alikuwa mfanyakazi na ameachishwa isivyo halali anatakiwa kuwasilisha mgogoro CMA, kwa fomu namba 1, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ya kazi ni ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini atatakiwa kueleza sababu za msingi, na "nilikuwa nasubiri bosi anipigie" kwa kawaida haihesabiki kuwa mojawapo.