Kipaumbele cha programu kwenye kompyuta ya watu wengi: yanayosemwa na yalivyo

Maabara moja ya Tunguu, seva moja ya Linux, na wanafunzi wote wameingia humo. Mmoja anachambua data za joto la bahari upande wa mwani wa Paje, wengine wanangoja herufi zitokee kwenye skrini. Hapo ndipo mtu husema "fanya renice", yaani amri ya Linux ya kubadilisha kipaumbele cha programu inayoendelea (namba yake huitwa nice, "adabu"), na maneno huanza.

"Nikiipandisha itakwenda mbio zaidi." Kipaumbele hakiongezi nguvu ya prosesa. Kinaamua nani apate fungu gani pale inapogombaniwa, basi. Ukiwa peke yako mferejini, adabu haikupunguzii maji: kazi uliyoiweka 19 (kipaumbele cha chini kabisa) usiku, maabara tupu, itamalizika sawasawa na ya 0 (cha kawaida). Zikikutana mbili kwenye kiini kimoja ndipo tofauti inapoonekana. Linux huipa ya 0 uzito wa 1024, ya 19 uzito wa 15.

Namba kubwa, kwa hivyo, ndiyo yenye kipaumbele cha chini. Ya juu kabisa ni -20. Na mtumiaji wa kawaida hushusha tu. Ukishajiweka 10, kurudi 0 kwa kawaida ni kumwomba msimamizi.

"Nimejiweka 19, wenzangu wamepona." Hili huwapiga chenga hata wazoefu. Tangu Linux 2.6.38 ya mwaka 2011 kuna autogroup, inayogawa prosesa kwa vikundi, kila kikao (kama vile terminali uliyoingilia) kikundi chake. Ikiwa imewashwa, 19 yako inapimwa na kazi za kikao chako tu. Mwenzako aliyeingia kivyake haoni nafuu yoyote. Kujua kama imewashwa, soma faili /proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled. Ukikuta 1, andika kwenye terminali yako:

echo 19 > /proc/self/autogroup

Sasa kikao kizima kimeshuka.

"Mashine nzito, dawa renice." Fungua kwanza top, amri inayoonyesha kazi zinazoendelea, tazama namba ya "wa" juu yake. Ikiwa kubwa, prosesa inasubiri diski, na nice haina la kufanya huko. Memori ikijaa pia, funga kitu tu.

Wa Windows nao wana lao: Realtime, kipaumbele cha juu kabisa huko. Wallahi iacheni! Inaweza kuzinyima nafasi kazi za mfumo wenyewe, mausi na kibodi vikagoma. Anayetoa video ya harusi dukani Chake Chake huku akimchapia mteja mwengine barua, aiweke programu ya video Below normal (chini ya kawaida) kwenye Task Manager, dirisha la Windows la kusimamia programu, tena kila anapoifungua upya, maana dirisha hilo halikumbuki.