"Niandikie barua nitangazwe nimefilisika"

Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo aliingia ofisini kwangu na kauntabuku mbili na bahasha ya kaki. Hakutaka hata maji. "Mwanangu, niandikie barua nitangazwe nimefilisika, yaishe."

Alifungua kauntabuku moja mezani. Ukurasa wa kushoto walikuwa wanaomdai: benki, vikoba viwili, anayemletea mzigo, na mikopo ya simu, ile ya kausha damu. Kulia walikuwa anaowadai yeye. Jumla ya kushoto ilikuwa imekatwa na kuandikwa upya mara tatu. Maswali aliyoniuliza siku ile ndiyo ninayoulizwa karibu kila wiki, kwa hiyo nayajibu hapa.

Kwanza, barua ya namna hiyo haipo. Mtaani kila aliyekata mtaji tunasema amefilisika. Kisheria hujafilisika mpaka Mahakama Kuu itamke hivyo, chini ya Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25. Ombi unaweza kulipeleka mwenyewe ukieleza kwamba huwezi kulipa madeni yako, au anayekudai akalipeleka. Mahakama ikitoa amri, mali yako inatoka mikononi mwako na kusimamiwa kupitia RITA. Wengi tunaijua RITA kwa vyeti vya kuzaliwa, lakini jina lake ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na neno la pili hapo ndilo linalokuhusu. Utaandika kwa kiapo kila ulichonacho na kila unachodaiwa. Wadai wataitwa kwenye kikao. Nawe utahojiwa mahakamani, hadharani. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wazima wakitetemeka siku hiyo, walikuwa wanadhani ni suala la kusaini fomu tu.

Unapata nini? Pumzi. Amri ikishatoka, mdai mmoja mmoja hawezi tena kukuburuta mahakamani kwa deni lile bila ruhusa ya mahakama; wote wanaingia kwenye mstari mmoja. Isipokuwa mwenye dhamana. Benki iliyoshika hati ya nyumba yako bado inaweza kuiuza nyumba hiyo, ilimradi ifuate Sheria ya Ardhi, pamoja na kukupa notisi ya siku 60.

Hapo kwenye nyumba ndipo ninapowaomba watu wasikimbilie mahakamani. Mtu akikushinda kesi ya kawaida ya madai, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamzuia kukamata nyumba unayoishi na familia yako, kama hukuiweka rehani. Sheria ya Kufilisika haikupi kinga hiyo. Inachokuachia ni vifaa vya kazi yako, nguo na matandiko, tena vya thamani ndogo. Kwa hiyo mtu mwenye kibanda chake Mbagala kisicho na rehani anaweza kujipeleka mwenyewe kufilisiwa, akapoteza paa ambalo dalali wa mahakama asingeligusa. Nikiliona hilo kwenye makaratasi ya mteja, huwa nafunga faili na kumwambia tukaongee na wadai kwanza.

Je, nitafungwa? Deni peke yake si jinai. Ila mdai mwenye hukumu anaweza kuiomba mahakama ikuweke ndani kama mfungwa wa madai, na mahakama huangalia kama una uwezo na unakwepa, au umeficha mali. Muda wake hauzidi miezi sita, gharama za chakula chako anazilipa mdai mwenyewe, na ukitoka deni bado lipo.

Mume au mke wako halipi deni lako kwa sababu tu ya ndoa. Akiwa amesaini kama mdhamini, hilo ni jambo jingine kabisa: wewe ukifilisika, yeye ndiye anayefuatwa.

Na hali ya kufilisika haiishi yenyewe baada ya miaka kadhaa, kama wengine walivyosoma kuhusu nchi za nje. Unairudia mahakama kuomba uachiliwe, yaani uondolewe kwenye ufilisi, nayo inapima mwenendo wako. Deni lililotokana na udanganyifu unatoka nalo. Kabla hujaachiliwa huruhusiwi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila kibali cha mahakama.

Kuhusu mikopo ya simu, angalia kwanza aliyekukopesha ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Wakianza kuwatumia ndugu zako meseji za kukudhalilisha, usifute. Zihifadhi, ni ushahidi.

Nilipomuuliza mama kuhusu mali, alisita. Kisha akatoa karatasi kwenye ile bahasha: mkataba wa mauziano ya kiwanja chake Chanika, mnunuzi ni mwanawe wa kwanza, bei imeandikwa, fedha haijatoka kwa yeyote. Haukuwa umesainiwa. "Hiki si nikifiche kidogo tu?" Nilimwambia hapana, mama, hata kidogo. Mali uliyomhamishia mtoto au shemeji huku unadaiwa, mahakama inaweza kuirudisha, na siku ya kuhojiwa ndiyo itakayokuumbua, kisha itakufuata tena siku ya kuomba kuachiliwa. Hata kumlipa rafiki mmoja deni lote na kuwaacha wengine kunaweza kutenguliwa. Naumia sana na jambo hili, kwa sababu wengi hulifanya kwa hofu ya kuwaacha watoto bila kitu, si kwa ubaya, na wanafika kwangu wakiwa wameshasaini.

Yeye hakuwa amesaini. Tulikaa mpaka adhuhuri tukiandika orodha upya. Anayemletea mzigo tumeshamwandikia kuomba alipwe kidogo kidogo, na mwenyekiti wa kikoba kimoja atakuja naye Jumatatu. Kiwanja cha Chanika kipo mstari wa kwanza kwenye orodha ya mali.