Mzizi kwanza, maana baadaye: akili inavyolipasua neno la Kiarabu

Mwanafunzi anayefungua kamusi ya Kiarabu kwa mara ya kwanza hulitafuta neno maktaba kwenye herufi mim, asilione. Hurudi kwa mwalimu akidai kamusi ni mbovu. Mwalimu humwelekeza kwenye kaf, kwa sababu kamusi za jadi za Kiarabu hazipangi maneno kwa herufi ya mwanzo bali kwa mzizi, yaani konsonanti zinazounganisha ukoo mzima wa maneno, na mzizi wa maktaba ni k-t-b. Humo atalikuta limekaa na ndugu zake: kitab, ambalo ni kitabu, katib, yaani mwandishi, na maktub, kilichoandikwa.

Upangaji wa namna hiyo una historia ndefu. Katika karne ya 8, al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu mwenye asili ya Oman aliyefundisha mjini Basra, aliasisi kamusi iitwayo Kitab al-Ayn. Alichukua konsonanti tatu, akazigeuzageuza kwa mipangilio yote 6 inayowezekana, kisha akabainisha ni ipi Waarabu wanaitumia na ipi wameiacha. Chukua ayn, lam, mim: unapata ilm, ambayo kwetu ni elimu. Badilisha nafasi za mbili za mwisho, iwe ayn, mim, lam: unapata amal, kazi, ambayo sisi tunaijua kama amali. Anza na lam, mim, kisha ayn: unapata kitenzi cha kung'aa. Herufi ni zilezile, koo za maneno ni tatu tofauti.

Je, huo ni ufundi wa mtunga kamusi tu, au ndivyo maneno yalivyopangwa katika kichwa cha Mwarabu mwenyewe? Al-Khalil hakuwa na chombo cha kupima. Leo vipo.

Sami Boudelaa na William Marslen-Wilson, waliofanya kazi yao Cambridge, Uingereza, wametumia mbinu ambayo naona inafaa kuelezwa taratibu, maana ndiyo msingi wa mengi tunayoyajua. Mtu anakaa mbele ya kompyuta. Neno linamulikwa kwa muda mfupi mno, kiasi kwamba mwenyewe hajui kama ameona kitu. Mara linatokea neno la pili, na kazi yake ni kubonyeza kitufe kusema kama hilo ni neno halisi au la. Iwapo neno lile la siri limeiandaa akili, kidole huwahi kidogo. Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka 2005, walibadilisha muda kati ya neno la kwanza na la pili kuanzia milisekunde 32 hadi 80, waone ni kitu gani huamka mapema na kipi huchelewa.

Mzizi uliamka mapema kabisa, na ukabaki macho. Maneno yenye mzizi mmoja yalisaidiana tangu milisekunde 32. Yale yanayohusiana kwa maana tu, bila mzizi wa pamoja, yalihitaji muda mrefu zaidi.

Lakini kilichonishangaza mimi nilipoanza kusoma tafiti hizi ni kwamba mzizi husaidia hata pale maana zilipoachana. Kwa Kiarabu, katiba ni kikosi cha askari. (Msomaji wa Kiswahili asichanganyikiwe: sheria mama ya nchi Waarabu huiita dustur, neno ambalo kwetu limegeuka kuwa desturi.) Kikosi cha askari na mwandishi hawana la kuzungumza, ila wana k-t-b ya pamoja. Kumbe akili ya msomaji hailiulizi neno maana yake kabla ya kulipasua. Hupasua kwanza.

Sehemu ya pili inayotoka baada ya kupasua ni kiolezo, yaani ule mpangilio wa irabu na viambishi ambamo mzizi humiminwa. Sikiliza mdundo wa maktub, maalum, mashhur: kilichoandikwa, kinachojulikana, kilichopata sifa. Kiolezo ni kimoja, mizizi mitatu. Nacho kimeonekana katika majaribio hayo, ingawa athari yake ni ya kupita, haidumu kama ya mzizi.

Ushahidi mwingine umetoka mahali pa huzuni, kwa mgonjwa aliyedhurika ubongo. Alikuwa akizungumza Kiarabu na Kifaransa. Jean-François Prunet na wenzake walieleza mwaka 2000 kwamba makosa yake katika Kiarabu yalikuwa na utaratibu wa ajabu: konsonanti za mzizi zilibadilishana nafasi, huku irabu na konsonanti za viambishi zikibaki palepale. Katika Kifaransa makosa ya aina hiyo hayakujitokeza kwa kiwango hicho. Ubongo ule ulikuwa umevunjika mahali ambapo al-Khalil alipitisha mstari wake miaka zaidi ya 1,200 kabla.

Sasa tuje kwenye kusoma. Magazeti na vitabu vingi vya Kiarabu huchapishwa bila alama za irabu fupi. Herufi ayn-lam-mim zikiwa peke yake zaweza kusomwa ilm (elimu), alam (bendera), alima (alijua), allama (alifundisha) au ulima (ilijulikana). Msomaji stadi hasimami kuhangaika, kwa kuwa sentensi humchagulia. Jicho lake limezoea kuwinda konsonanti. Ndiyo maana kumvurugia mpangilio wa konsonanti hizo ni kumkata mguu. Katika lugha kama Kihispania, neno lenye herufi mbili zilizobadilishana nafasi bado huiandaa akili kwa neno sahihi. Manuel Perea na wenzake walipojaribu hivyo kwa Kiarabu mwaka 2010, msaada huo ulitoweka pale mpangilio wa herufi za mzizi ulipoguswa. Si ajabu: ukibadilisha lam na mim katika ilm hujafanya kosa la chapa, umehamia ukoo wa amal.

Sarufi nayo ina vituko vyake. Wingi wa kitab ni kutub: mzizi ni uleule, kiolezo kingine. Mtoto hawezi kuokoa kazi kwa kubandika kitu mbele, kama wetu anavyofanya na ki- na vi-. Watoto wa Kipalestina waliochunguzwa na Dorit Ravid na Rola Farah walikimbilia kwanza kiambishi cha mwisho -at, wakakitumia hata pasipostahili, wakati wingi wa kuvunja neno ndani ulichukua muda kukomaa. Tena mtoto huyo akifika shule hukutana na Kiarabu fasihi, kile cha vitabuni, ambacho si lugha aliyonyonya nayo. Majaribio ya Raphiq Ibrahim na Judith Aharon-Peretz, mwaka 2005, yalionyesha kuwa kichwani mwa wazawa wenyewe Kiarabu hicho hufanya kazi kama lugha ya pili. Mzazi wa Kiswahili anayemlaumu mwanawe kwamba Kiarabu hakimwingii angefaa kulijua hilo.

Na sisi tulioazima maneno haya kwa mamia? Tulichukua maneno, kisu chao tukawaachia. Mswahili aliposikia kitab alisikia ki-, akatoa vitabu. Aliposikia muallim alisikia m- ya mtu, akatoa walimu. Kibrit ikawa kiberiti, viberiti. Masikio yetu hutafuta mwanzo wa neno. Ya Mwarabu hupenya katikati. Hata neno irabu tumelihamisha: kwao iirab ni mabadiliko ya mwisho wa neno kulingana na kazi yake katika sentensi, kwetu ni a, e, i, o, u.

Tofauti hiyo inaonekana katika miswada ya kale ya pwani, ambako tenzi za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Waandishi walizitia irabu, na walikuwa na sababu. Konsonanti k-t hazina ukoo wowote kwetu: kata, kete, kiti, kito, kuta, kuti. Ondoa irabu, na msomaji atabaki na k-t mkononi asijue kama anaambiwa aketi au avae koti.